Makaburi ya Juu, Makaburi ya Chini

Jumatatu, 8 Julai 2024

Wageni wamefika. Jeep yao imekufa njiani, wameingia Kasongo kwa pikipiki, wekundu kwa vumbi kama matofali. Muzungu ni mmoja, Madame Liesbeth. Kazi yake kule Ulaya, katika jumba la maonyesho, ni kumbukumbu. Watu wengine wanalima, wengine wanauza chumvi, yeye anakumbuka — tena anakumbuka ya kwetu!

Wamenichukua kuwa mkalimani kwa sababu nafundisha Kifaransa. Msaidizi wake anaitwa Clovis, mtoto wa Kinshasa, Kifaransa cha puani, viatu vyeupe. Viatu vyeupe Kasongo, mwezi wa saba! Mungu ampe sabuni.

Mkutano ukumbini. Madame akasema anatafuta wazao wa watumwa, waje wasimulie. Nikatafsiri. Ukumbi mzima ukaangalia vidole vya miguu.

Akasimama Baba Mukubwa Hemedi, kaka wa marehemu baba yangu, kichwa cha ukoo wetu. Kanzu imepigwa pasi, kofia imenyooka. Akasema: "Mwambie madame, hapa watumwa walipita tu. Hawakubaki. Sisi wote iko wangwana. Babu yetu alitoka Maskati."

Makofi. Na nyuma yake wakasimama wengine, wote babu zao walitoka Maskati. Sijui huko Maskati alibaki nani wa kufunga milango. Baba Mukubwa ni mweusi kama sufuria yangu ya kupikia majani ya sombe, na mimi vilevile, na sioni ubaya wowote. Yeye anauona.

Nyumbani Mama kalala, miguu imevimba zaidi. Lopitali wameturudisha na vidonge na maneno ya upole, na maneno ya upole najua maana yake. Akauliza muzungu anataka nini. Nikamwambia anatafuta watumwa. Mama akacheka mpaka akakohoa.

"Amechelewa," akasema.

Jumatano, 10 Julai

Clovis katangaza leo: mzao mmoja atapelekwa Ulaya kusema mbele ya wakubwa, siku ya kufungua maonyesho yao. Ndege. Hoteli. Koti la baridi.

Koti la baridi ndilo lililowamaliza. Kufikia saa ya alasiri Kasongo haikuwa na Mwarabu hata mmoja! Fundi baiskeli wa sokoni, ambaye miaka yote ni sharifu na hataki kusalimiwa kwa mkono wenye mafuta, amekumbuka ghafla kwamba babu yake alikuwa na kovu la mnyororo. Mama Latifa muuza chumvi kasema nyanya yake aliuzwa kwa kikombe cha chumvi. Alilia machozi ya kweli. Wanasimama kwenye mstari mbele ya Clovis, wanasukumana — aliyekuwa mtumwa zaidi apite mbele!

Ni mchezo wetu wa zamani. Mwarabu alipokuwa mkubwa, wote tulikuwa Waarabu. Akaja Bula Matari, serikali ya Wabelgiji, akasema nimekuja kuwakomboa, wale wale wakavaa kofia nyekundu ya askari wake na kuchapa ndugu zao. Wakaja masista na shule, na Muislamu hakuwa na benchi. Mama yangu akaitwa Régina ili apate kukaa darasani. Alisoma miaka miwili. Alipoolewa akaliacha hilo jina mlangoni kwao kama mtu anavyoacha ndala. Sasa muzungu anataka watumwa. Haya, tumekuwa watumwa. Kesho akija anayetafuta mbuzi, mtatusikia tunalia mee.

Marcelline, jirani yangu, mwalimu mwenzangu, Mkristo wa Lusangi, ananiuliza kwa nini nakasirika. Ati ni siasa tu, kama kampeni. Sijui. Labda kwa sababu Mama hajasimama kwenye mstari, na katika mji huu mzima ni yeye ambaye kila mtu anajua katoka wapi.

Baba Mukubwa hakuonekana leo. Anafikiri. Namwogopa akifikiri.

Ijumaa, 12 Julai

Mama ameomba kitu. Mama! Mutu ambaye hajawahi kuomba hata shuka. Alituita mimi na Zakaria, mdogo wangu, akasema: "Nikifa munizike kwa ubavu ya baba yenu." Basi. Akageukia ukuta.

Hapo ndipo penye taabu.

Nyuma ya nyumba yetu, ukipita migomba, kuna makaburi. Juu, pale penye kilima, wanalala wangwana. Chini karibu na kijito wanalala "watu wa nyumba" — ndivyo tunavyosema kwa adabu, maana neno lenyewe halitamkwi. Juu ni mawe. Kuchimba kaburi moja vijana wanashinda, tunawasikia mpaka jikoni, ngo! ngo! ngo! Chini ni mchanga, jembe linaingia kimya. Marehemu baba alikuwa akisema mungwana hata akifa anasumbua watu. Yeye mwenyewe yuko juu, na ubavuni mwake pana nafasi, nyasi zimeota.

Na Mama? Nyanya yake alikamatwa upande wa Kabambare, akaletwa hapa amefungwa kamba moja na mbuzi. Njiani mbuzi alipewa maji kwanza. Mama anaisimulia hivyo hivyo siku zote, kamba, mbuzi, maji, hana la kuongeza. Baba alimwoa kwa kumpenda. Baba Mukubwa alikuja arusini na hakula.

Zakaria kaenda kuomba kwa Baba Mukubwa. Karudi uso umeanguka. Jibu: "Mama yenu ni mutu muzuri, nitamusomea dua mimi mwenyewe. Lakini juu, hapana. Wazee walipanga."

Wazee walipanga! Mutu muzuri! Hivyo ndivyo watu wanavyosifu punda. Amezaa kwenye ukoo huu, amewaosha maiti wao wote wa kike, kawapikia wageni wao wa Idi zote, na bado ni mutu wa kuja.

Sikumwambia Mama. Nikasema Baba Mukubwa anafikiria. Mama akaniangalia kwa muda.

"Mukataa kwao mutumwa," akasema, akafumba macho. Hata sikuuliza anamsema nani.

Jumatatu, 15 Julai

Tumerudi kutoka Kabambare. Pikipiki siku nzima kwenda, siku nzima kurudi. Mgongo huu si wangu tena. Mke wa Zakaria alibaki na Mama. Marcelline alikuja nasi, maana njiani tulipita kwao.

Kabambare, Madame kaketi na wazee, akawauliza kuhusu njia ya misafara, wanakumbuka nini. Wakamjibu kuhusu daraja lililovunjika. Akauliza kuhusu maumivu ya kihistoria. Nikatafuta namna ya kulisema hilo kwa Kiswahili chetu, nikasema tu: maumivu ya zamani. Mzee mmoja akasema maumivu ya zamani wanayo, lakini wiki iliyopita mama mwenye mimba kafia juu ya pikipiki kabla ya kufika lopitali, na hayo bado ya moto. Nikatafsiri. Clovis akaninong'oneza kwamba hilo liko nje ya mada.

Nje ya mada! Nikamwambia amwambie yule marehemu.

Yule mzee aliendelea: "Bula Matari alitupiga fimbo, tukatengeneza barabara. Fimbo ilikwenda, barabara ikaifuata." Wenzake wakacheka sana. Madame hakujua acheke au alie, akachagua kutikisa kichwa.

Nilitafuta kidogo watu wa Mama. Nyanya yake alikuwa Mubangubangu kwa kabila, hilo najua, jina la kijiji hakuna anayelijua. Mwanamke mmoja akaniambia: wengi walipotea, dada yangu, na hata wakirudi utawapa shamba gani? Alisema bila ubaya.

Lusangi ndipo palipokuwa na sinema. Mjomba wa Marcelline, mzee Jean-Baptiste, katoa gunia, ndani mnyororo wa shingo, mzito, una kutu. Madame akaweka mkono kifuani. Mnyororo wa Waarabu! Clovis tayari kamera juu.

"Hapana," akasema Jean-Baptiste, "hii ni ya pamba." Babu yake alikataa kulima pamba ya lazima. Wabelgiji wakamfunga shingo na wenzake, wakawatembeza hivyo mpaka gereza. Alipofunguliwa aliuiba mnyororo ili wasimfungie mwingine.

Madame akauliza kama inawezekana kwamba kabla ya hapo mnyororo huo huo ulikuwa wa Waarabu. Jean-Baptiste akasema labda, chuma kizuri hakitupwi. Clovis akasema pamba itachanganya ujumbe.

Ujumbe! Marcelline akacheka kwa sauti, ile cheko yake ya kumfukuza kuku. Mjomba wake akaurudisha mnyororo kwenye gunia, akaketi juu ya gunia, akauliza kama wageni watakula muchele.

Sisemi babu zetu wa kanzu walikuwa malaika. Vijiji vya huku walivichoma wao, watu walifungwa nao, kila jiwe la Kasongo linajua. Lakini nimechoka na huyu anayekuja kulia juu ya moshi, wakati babu yake alikuja kuota ule moto. Na kwao jengo la maonyesho limejengwa kwa nini, kama si kwa mpira na pamba ya huku? Hilo sikulitafsiri. Hakuna aliyeniuliza.

Jumatano, 17 Julai

Mama hali. Kijiko cha uji, basi.

Ajabu ya leo: Baba Mukubwa kaja kumwangalia! Kaleta sukari. Kavua viatu, kaketi kwenye mkeka karibu na kitanda, akamwambia polepole: shemeji, nisimulie ile habari ya nyanya yako. Miaka yote hajamwuliza Mama hata kama amelala salama. Mama akamsimulia. Kamba. Mbuzi. Maji. Baba Mukubwa akawa anasema "Eh! Eh!" na kurudia maneno taratibu, kama mtoto wa chuoni.

Nilikuwa jikoni, nasikia. Labda mutu anazeeka, moyo unalainika. Nikamtilia sukari nyingi kwenye chai. Alipoondoka hakusema lolote kuhusu kaburi, lakini alimshika Mama mkono. Mama aliuangalia ule mkono wake.

Alhamisi, 18 Julai

Mwandiko wangu ni wa kuku kwa hasira.

Leo ndiyo sherehe. Kiwanjani wamesimamisha jiwe lenye kibao cha shaba: HAPA UTUMWA ULIKOMA. Kitambaa cheupe kikavutwa, makofi, watoto wa shule wakaimba. Halafu ushuhuda, mbele ya kamera. Fundi baiskeli na kovu lake. Mama Latifa na chumvi yake. Mimi natafsiri tu, kama bomba, maji machafu yaingie yatoke.

Akaitwa Baba Mukubwa Hemedi. Hana kanzu! Kavaa shati lililochanika begani. Nikajua.

"Nyanya yangu," akaanza, "alikamatwa Kabambare. Alifungwa kamba moja na mbuzi."

Mdomo wangu ukatafsiri peke yake.

"Na njiani mbuzi alipewa maji kwanza."

Madame akalia. Mimi niliona giza. Mwizi! Mwizi wa mchana! Mama yuko kitandani anakata roho, na huyu kaenda na sukari ya karatasi kumnyang'anya kitu pekee alichorithi! Nilitaka kumpiga na kipaza sauti kwenye ile kofia asiyoivaa leo.

Lakini nikawaza makaburi. Nikapoa. Nikasema kwa adabu, na kwa kipaza sauti: "Baba Mukubwa, samahani. Madame hajasikia vizuri. Nyanya yako wewe?" Madame alikuwa amesikia vizuri sana, alikuwa anapangusa pua.

"Nyanya yangu, ndiyo."

"Mama ya mama yako?"

Akasita. Watu wa kwa mama yake walikuwa wamekaa mstari wa mbele. "Mama ya baba."

"Ya damu?"

"Ya damu!"

"Kwa hiyo wewe iko nani? Useme kwa nguvu, ile kamera iko mbali."

Macho yake yakawa madogo. Alinielewa, au alianza kunielewa. Lakini koti la baridi lilikuwa pale pale, karibu kuvaliwa. "Mimi iko mujukuu ya mutumwa," akasema, na kiwanja chote kikasikia, wazee wote wa msikitini, vijana wote wanaochimba makaburi. Hakuna aliyecheka. Kila mmoja alikuwa anangoja zamu yake.

Clovis kanijulisha jioni: wamemchagua yeye. Ushuhuda wake ndio uliogusa zaidi. Ile ya mbuzi, kasema, ni ya pekee.

Sikumwambia Mama. Kauliza kelele za kiwanjani ni za nini. Nikamwambia utumwa umekoma. "Eh," akasema. "Vizuri."

Ijumaa, 19 Julai

Mama amekufa alfajiri. Zakaria alikuwa anamshika kichwa.

Nimemwosha mimi na mke wa Zakaria. Watu husema aibu ya maiti aijuaye mwosha. Mama yangu hakuwa na aibu yoyote mwilini. Ile miguu tu, imevimba.

Bado Ijumaa, baada ya sala

Nimejifungia stoo, kati ya magunia ya muchele. Wakinikuta na bic naandika watasema nimerukwa na akili. Acha waseme.

Wanaume walikaa uani kwenye mikeka. Baba Mukubwa — leo kanzu imerudi! — akasema majembe yaende chini, wapate kuwahi. Kasema kwa sauti ya huruma. Zakaria akabaki ameketi, mikono imekufa.

Nikatoka. Mwanamke haendi kwenye mkeka wa wanaume, najua. Nikaenda. Nikasimama mbele yake.

"Baba Mukubwa, mimi iko mukalimani tu, nakuja kuuliza. Jana ulisema mama ya baba yako alikuwa mutumwa. Lakini yeye analala kule juu, ile kaburi yenye jiwe jeupe. Basi juu iko mutumwa tayari. Mama yangu atamukuta mwenzake. Ama tumutoe yule kwanza, tumushushe chini?"

Fundi baiskeli akaangalia pembeni. Imamu akashika ndevu.

"Yale ilikuwa maneno ya wageni," akasema Baba Mukubwa, chinichini.

"Kumbe ulidanganya? Nimwambie Madame?"

Na Mungu anajua mizaha yake: Madame huyo, anaingia na Clovis, amefunga kitambaa kichwani, amekuja kutoa pole. Hakuja kwangu. Akaenda kwa Baba Mukubwa, akamshika mikono yote miwili, mwakilishi wake, mzao wake! Halafu akaniuliza mnajadili nini. Nikamwambia kwa Kifaransa safi, bila kupunguza: wanajadili kama mjukuu wa mtumwa anaweza kuzikwa ubavuni mwa mume wake.

Akamgeukia Baba Mukubwa, uso mwekundu. Nikawaza: haya, mama wa kumbukumbu, leo ndiyo leo. Sema neno moja. Koti lako la baridi linaweza kuzika mutu.

Baba Mukubwa jasho tupu. "Mwambie... mwambie ni desturi. Wazee walipanga."

Nikatafsiri neno kwa neno. Na Madame — nitalikumbuka hili mpaka siku yangu — akavuta pumzi, akainamisha kichwa kwa heshima, akasema yeye ni mgeni, hana haki ya kuingilia. Desturi lazima ziheshimiwe.

Desturi! Babu zake hawakuheshimu hata visima vyetu, leo yeye anaheshimu hii! Jiwe lao la shaba liko kiwanjani, halijapata hata kinyesi cha ndege. Clovis akasema "oui, c'est délicat", ndiyo, ni jambo nyeti, na kuangalia viatu vyake. Nikawaangalia wote, wenye jiwe na wenye kanzu, sikuona tofauti.

Zakaria ndiye aliyesimama. Kachukua jembe moja, kapita katikati ya migomba. Vijana wakaangaliana, halafu wakachukua majembe yao, wakamfuata. Baba Mukubwa akawafuata na fimbo yake, anaita majina yao mmoja mmoja.

Sasa nasikiliza. Wanawake chumbani wanalia, Marcelline anawaambia wanyamaze kidogo, anajua ninachosikiliza.

Kimya. Mchanga hausemi. Kama wamekwenda chini sitasikia kitu, na hilo ndilo litakuwa jibu.

Bado kimya.

Ngo!

Ni jiwe? Au mutu anapasua kuni kwa jirani? —

Ngo! Ngo! Jiwe! Ni jiwe, wallahi, ni majembe mengi, wanagonga kwa pamoja! Ee Mama!

Sauti ya Baba Mukubwa. Anapiga kelele. Sisikii maneno, nasikia "laana", nasikia jina la baba. Majembe yanapungua. Yamesimama. Marcelline kafungua mlango kidogo, kasema baadhi ya vijana wanarudi, wanapita kwenye migomba vichwa chini, Zakaria hayumo.

Kimya tena.

Jembe moja limeanza. Moja tu. Linagonga jiwe.